Jeki kuukuu za haidroliki: jinsi ya kuzitengeneza, kuzitunza na kujua ipi haifai tena

Jeki ya haidroliki, ambayo madereva wengi huiita jeki ya mafuta au jeki ya chupa, mara nyingi huishi kuliko lori lililoibeba. Si ajabu kukuta semi-trela ya miaka ya karibuni inatembea na jeki iliyotoka kwenye gari lililokwisha kuuzwa kama chuma chakavu. Jeki hiyo inapoanza kuvuja au kushuka yenyewe, mwenye lori ana njia tatu: kuitupa, kuipeleka kwa fundi, au kuendelea kuitumia hivyo hivyo. Njia ya tatu ndiyo inayochaguliwa zaidi, na ndiyo ghali kuliko zote, kwa sababu jeki haiharibikii gereji. Huharibikia kando ya barabara, usiku, lori likiwa na mzigo wa mtu mwingine na utingo akiwa amelala chini ya ekseli.

Habari njema ni kwamba ubovu mwingi wa jeki hizi hautokani na chuma. Unatokana na vipande vichache vya mpira vilivyochakaa, mafuta yasiyofaa, au uchafu ulioingia kwenye vali. Vitu hivyo hurekebishika kwa gharama ndogo ikilinganishwa na bei ya jeki mpya ya uwezo ule ule. Habari mbaya ni kwamba zipo jeki ambazo hazipaswi kutengenezwa kabisa, na nyingi kati ya hizo bado zinapakwa rangi na kurudishwa sokoni.

INAVYOFANYA KAZI

Msingi wake ni kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, kwamba shinikizo likiwekwa kwenye majimaji yaliyofungiwa husambaa sawasawa pande zote. Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kushindilia kwa maji mwaka 1795, na Richard Dudgeon wa New York akapata hataza ya jeki ya kubebeka mwaka 1851. Tangu wakati huo muundo haujabadilika sana, na ndiyo maana fundi aliyeielewa vizuri jeki moja anaweza kuifungua karibu nyingine yoyote.

Ndani ya jeki kuna pistoni mbili. Ndogo ni ya pampu na husukumwa kwa mpini. Kubwa ndiyo inayoinua gari. Kati yake kuna vali mbili za gololi: moja huruhusu mafuta kutoka kwenye tangi kwenda kwenye pampu, nyingine huruhusu mafuta kutoka kwenye pampu kwenda chini ya pistoni kubwa, na zote haziruhusu kurudi. Skrubu ya kuachilia, ile inayozungushwa kwa ncha ya mpini, hufungua njia ya mafuta kurudi kwenye tangi ili jeki ishuke. Jeki nyingi zina pia vali ya usalama ambayo huachia mafuta mzigo unapozidi uwezo.

Hesabu ni rahisi. Chukua pampu yenye kipenyo cha milimita 12 na pistoni kubwa ya milimita 48. Eneo la pistoni kubwa ni mara 16 ya lile la pampu. Mpini nao ukizidisha nguvu mara 15, mtu anayekandamiza kwa nguvu ya kilo 40 anaweka kilo 600 kwenye pampu, na pistoni kubwa inainua kilo 9,600 kabla ya kutoa msuguano. Bila shaka kuna cha kulipia: kila pampu ya milimita 24 inainua gari milimita moja na nusu tu.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha jambo ambalo wengi hawalifikirii. Kilo 9,600 juu ya pistoni ya milimita 48 ni shinikizo la kilo 530 hivi kwa kila sentimita moja ya mraba. Hilo ni zaidi ya mara 60 ya upepo ulio ndani ya tairi la lori lililojazwa 120. Kipande cha mpira chenye unene wa milimita chache ndicho kinachozuia shinikizo hilo lisitoke, kwa hiyo mkwaruzo mdogo unatosha kukishinda.

DALILI NA CHANZO CHAKE

Jeki ikipanda lakini isifike mwisho wake, mara nyingi mafuta yamepungua. Ikiwa inapanda kwa kusuasua na mpini unahisi laini kama unapampu sponji, kuna hewa ndani. Makosa haya mawili hayahitaji kufungua kitu chochote zaidi ya plagi ya kujazia.

Jeki inayopanda vizuri kisha ikashuka polepole ndiyo inayosumbua mafundi, kwa kuwa vyanzo ni zaidi ya kimoja. Fundi mzuri huanza na skrubu ya kuachilia, kwa sababu ndiyo rahisi kuitoa na ndiyo inayoharibiwa zaidi na watu wanaoikaza kupita kiasi. Gololi iliyo mbele yake ikiwa na kutu au kiti chake kikiwa na chembe ya mchanga, mafuta hupita. Skrubu ikiwa salama, kinachofuata ni sili ya pistoni kubwa.

Kuna dalili moja inayosema ukweli bila kupima: mpini ukijipandisha wenyewe jeki ikiwa na mzigo, vali ya pili ya gololi haizibi, na mafuta yenye shinikizo yanarudi kwenye pampu. Kinyume chake, mpini ukienda juu na chini bila jeki kupanda hata kidogo, mshukiwa wa kwanza ni vali ya kuvutia mafuta, au hewa iliyojaa kwenye pampu baada ya jeki kulazwa siku nyingi.

Mafuta yanayoonekana nje nayo yasomwe yalipotokea. Yakitoka kuzunguka pampu ndogo ni sili ya pampu. Yakitoka juu kuzunguka pistoni kubwa ni sili ya nati ya juu, au tangi limejazwa kupita kiasi. Jeki inayokataa kushuka mara nyingi imepinda pistoni, na hiyo haina tiba.

MAFUTA

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Jeki hutumia mafuta mepesi ya haidroliki, na watengenezaji wengi hutaja daraja la ISO 22 au ISO 32. Namba hiyo ni ya uzito wa mafuta, na huandikwa kwenye dumu. Kwa madereva wanaovuka maeneo ya baridi kama Mbeya, Limuru au Kabale, mafuta mazito zaidi huifanya jeki kuwa nzito na ya kusitasita asubuhi.

Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 hayafai. Hayatokani na petroli bali ni ya asili ya glaikoli, na sili za jeki nyingi za kisasa, ambazo ni za mpira wa nitrile, huvimba na kulainika ndani yake. Isitoshe, hunyonya unyevu kutoka hewani. Jeki iliyowekewa mafuta ya breki inaweza kufanya kazi vizuri kwa muda, na ndiyo maana ushauri huu hupuuzwa, lakini baada ya hapo sili zote huwa za kubadilishwa kwa pamoja. Oili ya injini nayo si mbadala mzuri: ni nzito, na viambato vyake vya kusafishia injini si vya kazi hii.

Ipo tofauti moja kwa jeki za zamani sana. Baadhi yake zilifungwa vikombe vya ngozi badala ya mpira. Ngozi ikikauka kwa jeki kukaa bila mafuta hupoteza umbo na kuvuja, na wakati mwingine hurudi hali yake ikilowekwa kwenye mafuta safi kwa siku moja au mbili. Fundi asiyejua hili huitupa ngozi nzima na kuweka mpira usiolingana na nafasi yake.

Kujaza hufanywa jeki ikiwa imesimama wima na pistoni ikiwa chini kabisa, mpaka mafuta yafikie ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Akijaza pistoni ikiwa juu, siku itakaposhushwa mafuta hayatakuwa na mahali pa kwenda. Kutoa hewa ni kufungua skrubu ya kuachilia, kupampu haraka mara 8 hadi 10, kuifunga, na kujaribu. Ikibaki laini, rudia.

KUFUNGUA NA KUBADILI SILI

Kazi huanza nje. Jeki ioshwe kwa brashi na dizeli au mafuta ya taa mpaka vumbi la barabara liishe, kwa sababu uchafu wa nje ndio utakaokuwa uchafu wa ndani. Kisha pistoni ishushwe kabisa na skrubu ya kuachilia ilegezwe, ili shinikizo lisibaki. Kwa jeki za kitoroli, zile ndefu zenye magurudumu, kuna springi zenye nguvu za kurudisha mkono. Zisipofungwa au kulegezwa kwanza humrukia fundi usoni.

Mafuta ya zamani yamiminwe kwenye chombo cheupe na yaangaliwe. Yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia na kutu inategemewa ndani. Yakiwa na chembe za chuma zinazong'aa, kuna chuma kinachosagana na kubadili sili peke yake hakutasaidia kwa muda mrefu.

Kitako kibanwe kwenye jiriwa, nati kubwa ya juu ifunguliwe kwa spana ya bomba, na vitu vitolewe kwa mpangilio juu ya kitambaa safi. Gololi huwa za ukubwa tofauti na springi zake hazifanani. Picha ya simu kila hatua huokoa saa nzima baadaye. Gololi moja ikipotea isibadilishwe na yoyote iliyookotwa kwenye bearing ya zamani. Lazima iwe ya kipimo kile kile na isiyo na alama.

Kiti cha gololi kilichochakaa kidogo hutengenezwa kwa njia ya zamani ambayo bado inafanya kazi: gololi huwekwa mahali pake, ikagongwa mara moja au mbili kwa kijiti cha shaba, kisha ikabadilishwa na mpya. Agongaye kwa nguvu huharibu kiti chote.

Kuhusu sili zenyewe, kipimo ni namba tatu: kipenyo cha ndani, unene wa mpira, na upana wa mfereji unamokaa. Kupima mpira uliovimba kunadanganya, hivyo ni bora kupima chuma. Sili yenye mdomo lazima mdomo uelekee upande wa shinikizo. Ikigeuzwa, jeki haitainua kitu. Pete nyeupe ngumu zinazokutwa pembeni ya baadhi ya sili si takataka. Huzuia mpira usisukumwe kwenye mwanya, na jeki nyingi zinazovuja wiki moja baada ya matengenezo ni zile ambazo pete hizo ziliachwa mezani. Mpira mpya hupakwa mafuta yale yale ya haidroliki na kuingizwa kwa vidole au kijiti butu. Bisibisi huacha mkwaruzo usioonekana.

Gerezani jijini Dar es Salaam, barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na Katwe mjini Kampala ni maeneo yanayojulikana kwa vipuri na mafundi wa vyuma, na mwenye vipimo vyake mkononi hupata mahitaji yake kwa urahisi zaidi kuliko anayetaja jina la jeki tu. Seti kamili ya jeki kuukuu mara nyingi haipo, lakini karibu kila sili ndani yake ni ya kipimo cha kawaida.

ZISIZOTENGENEZWA

Pistoni iliyopinda, hata kidogo, ni ya kutupwa. Ndivyo ilivyo kwa pistoni yenye mashimo ya kutu katika sehemu inayopita kwenye sili. Kutu ya juu juu husafishwa kwa msasa laini sana, lakini shimo linaloshika ukucha litakata kila sili mpya itakayowekwa. Silinda au kitako chenye ufa kisichomelewe. Moto wa kulehemu hubadilisha chuma, na ufa uliofunikwa hufunguka chini ya shinikizo lililotajwa hapo juu.

Vali ya usalama ni suala la peke yake. Hufungwa kiwandani kwa kipimo, na mara nyingi hufunikwa kwa kifuniko au rangi. Wapo mafundi wanaoikaza ili jeki ya tani 10 "ibebe" tani 15. Jeki hiyo itabeba, mpaka siku ambayo haitabeba. Mnunuzi akiona kifuniko cha vali hiyo kimetobolewa au skrubu yake ina alama mpya za bisibisi, asinunue kwa bei yoyote.

Tahadhari nyingine inawahusu mafundi wenyewe. Uvujaji hautafutwi kwa kidole. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kwa shinikizo kubwa hupenya ngozi. Jeraha huonekana kama kuchomwa na sindano, lakini mtu huyo anapaswa kwenda hospitali mara moja na kueleza kilichotokea, kwani mkono unaweza kupotea.

KUIPIMA KABLA YA KUIRUDISHA KAZINI

Jeki iliyotengenezwa isipimwe kwa mara ya kwanza kwenye pancha. Ipewe kwanza gari tupu, kisha mzigo unaokaribia ule itakaobeba bila kuzidi ulioandikwa kwenye bati lake, huku magogo au stendi zikiwa chini ya ekseli sentimita chache tu kutoka kuigusa. Alama ya chaki iwekwe na kusubiriwa robo saa. Ikionekana imeshuka, inarudi mezani.

Hata ikifaulu, jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Mtu haingii chini mpaka uzito ukae kwenye stendi au magogo imara, magurudumu mengine yakiwa yamewekewa vizuizi. Na stendi nazo zikaguliwe: mwaka 2020 zaidi ya stendi milioni moja ziliitwa zirudishwe na muuzaji mmoja nchini Marekani kwa sababu meno yake yangeweza kuachia chini ya mzigo.

Uwezo wa jeki ulingane na lori. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja ya magurudumu manne, na tani 56 kwa gari zima. Jeki huinua upande mmoja wa ekseli, yaani kama nusu yake, lakini lori lililoegemea upande mmoja au lililosimama kwenye mteremko huongeza uzito huo. Ndiyo sababu wasafirishaji wengi hubeba ya tani 20.

KATIKA LORI

Jeki ikae wima, pistoni ikiwa chini, imefungwa isigonge. Pistoni ikiachwa nje hupata kutu, hasa kwa malori yanayolala Mombasa, Tanga au Dar es Salaam kwenye hewa ya chumvi. Skrubu ya juu ya kurefushia ipakwe grisi, na mafuta yabadilishwe mara moja kwa mwaka, au mapema kama jeki ilizama kwenye maji au tope. Mpini wa jeki usirefushwe kwa bomba. Urefu wake ni sehemu ya hesabu iliyoelezwa juu.

KUNUNUA NA KUVUSHA MTUMBA

Jeki za mtumba huuzwa zenyewe, au hukutwa ndani ya magari yaliyotumika. Rangi mpya ni sababu ya kuangalia zaidi, si kidogo. Mnunuzi aitoe pistoni yote nje, aizungushe akitafuta mashimo, aweke jicho usawa wake kuona kama imenyooka, kisha asome bati la uwezo. Stika ya karatasi si bati. Jeki halisi ya tani 20 huwa na uzito wa karibu kilo 10, hivyo yenye stika hiyo lakini nyepesi mkononi kama ya gari dogo inajieleza yenyewe. Kati ya jeki kuukuu nzito yenye sili mbovu na mpya nyepesi yenye namba kubwa, ya kwanza mara nyingi ndiyo biashara bora.

Mpakani, jeki inayosafiri kama kifaa cha lori haina shida. Zikiwa nyingi ni bidhaa na zinatakiwa kutangazwa. Katika mfumo wa kimataifa wa namba za forodha, jeki za haidroliki zinazobebeka ziko chini ya 8425.42, zile zilizojengewa gereji 8425.41, vipuri vyake 8431.10, na sili za mpira zinazoagizwa zenyewe 4016.93. Kuandika sili kama vipuri vya magari ni kosa la kawaida linaloleta mabishano ya ushuru.

Wafanyabiashara wadogo wanaotumia cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachohusu mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, wakumbuke kwamba cheti hicho ni cha bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Jeki iliyotengenezwa China au Japan haipati asili hiyo kwa kubadilishwa sili Nairobi au Kampala, hata kama ankara ni ya fundi wa huko. Mwenye mzigo kama huo ahifadhi hati za ushuru uliolipwa ilipoingia mara ya kwanza, na amuulize wakala wake wa forodha kabla ya kupakia, si baada ya kufika Malaba au Tunduma.